Mama alisomea ualimu bila kuhama kwake, mimi je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua yangu ni ndefu, na ukiona inafaa kupunguzwa ipunguze, ila niliyoyaandika kuhusu wilaya ya Kilindi niachie.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili wa Stashahada ya Ualimu Elimu ya Msingi katika chuo kimoja cha binafsi mkoani Tanga. Nina umri wa miaka 36 na watoto watatu. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2009, matokeo yakawa ya kawaida, mkopo wa chuo kikuu sikupata, nikaolewa, na kalamu ikakaa kabatini miaka kumi na mitano. Stendi ya Muheza wananijua kwa vitumbua. Wachache wanajua kwamba saa moja na robo asubuhi, nikishafunika ndoo na kumkabidhi jirani vilivyobaki, huwa nakimbilia Hiace ya Tanga mjini nikiwa na madaftari ndani ya kapu.

Nataka kuzungumzia mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita BTP (Block Teaching Practice), mwanachuo anapopelekwa shuleni kufundisha kwa wiki kadhaa. Lakini siwezi kuyafikia bila kupitia jikoni, maana ada yangu inatoka jikoni.

Mchele naloweka asubuhi kabla sijatoka, kilo tatu. Jioni nikirudi nausaga kwa blenda ya jirani, namwachia 500 ya umeme, kisha natia tui, sukari, iliki na hamira, nafunika na kanga uji uumuke. Saa tisa usiku naamka. Kikaango changu kina matundu saba. Ukishamimina tundu la saba, la kwanza bado halijawa tayari kugeuzwa. Hapo katikati kuna nafasi ya kusoma mistari miwili, au mitatu kama moto haujakolea. Saikolojia ya Elimu yote nimeisoma katika nafasi hiyo. Hatua nne za ukuaji wa akili ya mtoto, za mwanasaikolojia Piaget, niliziweka kwenye matundu manne ya kwanza: nikimimina naitaja, nikigeuza naieleza. Tundu la tano nikampa mwenzake Vygotsky, akaungua mara mbili kabla sijamwelewa.

Mkufunzi mmoja aliwahi kunirudishia kazi yangu akiwa amezungushia wino mwekundu pale mafuta yalipopenya karatasi tatu, pembeni ameandika: "Hii ni kazi au kifungashio?" Nilicheka, naye alicheka, na alama akanipa 17 kati ya 20. Namtaja ili isidhaniwe nina ugomvi na wakufunzi. Sina. Kipindi cha kwanza kinaanza saa mbili na nusu, mimi hufika saa tatu kasoro, na wengi wao wameshanizoea. Napita nyuma taratibu nakaa.

Mume wangu anafanya kazi shamba la mkonge upande wa Korogwe, huja Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Kijana wetu wa kwanza yuko kidato cha pili. Yeye ananisaidia Hisabati, mimi namsaidia insha. Tuna meza moja na taa moja ya sola, na mwenye mtihani wa karibu ndiye anayekaa upande wa mwanga. Binti yetu yuko darasa la pili, na ndiye niliyekuwa namjaribia maandalio yangu ya somo kabla sijayapeleka chuoni. Siku moja alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mama, mwalimu wetu haongei hivyo. Wewe unaongea kama redio." Niliandika andalio upya. Mdogo ana miaka mitatu, mchana anashinda kwa bibi yake, yaani mama yangu, mwalimu mstaafu ambaye nitarudi kwake baadaye kidogo.

Sisemi ni maisha mepesi. Nguo zinafuliwa usiku. Harusi na misiba nimehudhuria nusunusu, mpaka kikundi chetu cha kufa na kuzikana kimenitoza faini mara tatu, na nimelipa bila kinyongo kwa sababu kosa lilikuwa langu. Rafiki zangu wa zamani wananiuliza kwa upole unaouma kama nitaajiriwa kabla ukomo wa umri haujanipita, na kama nimesikia kwamba siku hizi hata walimu wanakwenda kwenye usaili. Nimesikia. Lakini yote hayo ni mambo ninayoweza kuyapanga mwenyewe. Usiku ni wangu, naukata ninavyotaka. Kwa BTP sikuachiwa kitu cha kukata.

BTP ya mwaka wa kwanza nilipangiwa shule ya hapa hapa Muheza, nikadhani ndivyo inavyokuwa. Ya mwaka wa pili orodha ilirushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa siku ya Jumatano saa nne usiku, mwanzoni mwa Machi. Kuripoti kituoni Jumatatu. Niliikuza kwa vidole viwili, nikashuka nayo polepole, nikaona jina langu. Kilindi. Wiki nane.

Anayeijua Tanga anajua maana yake. Unatoka Muheza, unafika Segera, unaingia Handeni, unatafuta gari la Songe, na kutoka Songe mimi nilikuwa na mwendo mwingine wa bodaboda kwenye udongo mwekundu ambao masika imeshauanza. Siidharau Kilindi. Watu wake walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, na nitakuja kusimulia. Ila nilikuwa na siku nne za kutafuta nauli, godoro, kodi ya chumba, mtu wa kuendesha kibanda na mtu wa kulala na wanangu.

Na sikiliza hili, Mhariri. Katika orodha ile ile kulikuwa na kijana wa miaka 21, mwenzetu wa darasani, kwao ni Kilindi, mama yake anauza mahindi Songe. Yeye alipangiwa shule iliyo umbali wa kilomita mbili kutoka mlangoni kwangu. Alhamisi asubuhi tulikwenda ofisini pamoja, mimi na yeye, tukaomba tubadilishane. Tulikuwa tumeandika barua mbili, kila mmoja na yake, zimesainiwa. Tukajibiwa kwamba orodha imeshapelekwa halmashauri na haibadiliki. Nikauliza kama kuna namna ya kuirudisha. Aliyekuwa zamu akaniambia kwa sauti ya kunituliza, "Mama, ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

Nimeinama tangu saa tisa usiku, sikumjibu hivyo, lakini nilikuwa nayo mdomoni.

Yule kijana alikuja kupanga chumba mtaani kwetu, analipa 30,000 kwa mwezi, wakati kwao Songe kuna kitanda chake kitupu. Mimi nikaenda kupanga chumba Kilindi kwa 20,000, wakati kwangu Muheza kuna kitanda changu kitupu. Huwa nawaza tungekutana njiani Segera, yeye anakuja mimi nakwenda, kila mmoja na godoro lake juu ya gari.

Kibanda nilimwachia jirani kwa makubaliano ya nusu kwa nusu. Ni mtu mwaminifu, hela yangu alinitumia kila Jumapili bila kukumbushwa, ila iliki anaitia kwa jicho la choyo, na wateja wa bodaboda pale stendi wakaanza kunipigia simu wakiuliza narudi lini. Mapato yalishuka, na ada ya awamu ya tatu nimelipa kwa kukopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Sasa Kilindi yenyewe. Nilipewa darasa la pili, watoto 87. Mwalimu wa darasa alikuwa mmoja kwa wote hao, na siku nilipofika alinishika mkono akaushikilia kama mtu aliyeletewa maji. Nilikuwa nimekwenda na mfuko wa vizibo vya soda zaidi ya mia tatu, nilivyookota stendi kwa miezi miwili, kwa ajili ya zana. Wiki ya tatu nilifundisha kutoa kwa kukopa. Arobaini na sita toa kumi na tisa. Nikaona niwafundishe kwa lugha ya duka: sita hana cha kumtosha tisa, hivyo anakwenda kwa jirani yake makumi, anabisha hodi, anakopa kumi moja, anarudi nayo nyumbani, sasa ana kumi na sita. Vizibo vikahama kutoka fungu hili kwenda fungu lile. Vichwa vyote 87 vilikuwa vimeinama. Kisha mtoto mmoja wa kiume, dawati la pili, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, atalipa lini?"

Nilisimama na chaki mkononi. Mkufunzi wa tathmini alikuwa amekaa nyuma siku hiyo hiyo, na fomu yake magotini. Darasa likaanza kubishana. Wengine wakasema halipi, wengine wakasema jirani ni ndugu yake. Binti mmoja mdogo, aliyekuwa hasemi kamwe, akasema, "Hajakopa, amechenji. Ni hela yao ileile." Mhariri, nimesoma vitabu vya mbinu za kufundishia Hisabati kurasa kwa kurasa usiku, na sikupata sentensi iliyonyooka kama ile. Tukaanza upya kwa chenji. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30, nami nilizidisha sita. Mkufunzi aliandika: zana nzuri, ushirikishwaji mzuri, muda umezidi. Alinipa 74, na ni haki yangu kabisa, silalamiki.

Nasimulia haya ili msomaji ajue kwamba BTP ninaithamini. Ni hapo nilipojua kwamba mimi ni mwalimu. Darasani chuoni nilikuwa nakisia tu.

Wiki ya tano mwanangu mdogo, yule wa miaka mitatu, aliugua. Pale kijijini simu haishiki mpaka upande kichuguu kimoja nyuma ya shamba la mwalimu mkuu. Walimu wote wanakijua, jioni mnapanga foleni. Jumatatu ile nilichelewa kwa sababu ya mvua, nikapanda Jumanne saa kumi na mbili jioni. Simu ikaanza kutetemeka mkononi. Ujumbe wa kwanza, wa Jumapili usiku: mtoto ana homa. Wa pili, Jumatatu alfajiri: tunampeleka hospitali. Wa tatu: wanasema malaria, wameanza dawa. Wa nne: amekunywa uji. Wa tano, wa Jumanne mchana: analala, usiwe na wasiwasi. Niliusoma ugonjwa wote wa mwanangu, mwanzo hadi mwisho, kwa muda usiozidi dakika moja, nimesimama juu ya udongo wa mchwa.

Mwalimu mkuu hakuniuliza maswali. "Nenda mwalimu, Ijumaa urudi." Nilikwenda nikamkuta mtoto anacheza na kifuniko cha sufuria, na mama yangu amekaa mlangoni na miwani yake, macho yamekuwa mekundu. Alikuwa na usiku mbili hajalala, na ana miaka 66. Nilipopiga simu chuoni kutoa taarifa, niliambiwa siku nitakazokosa nizifidie mwishoni, nikazifidia. Wenzangu waliondoka Ijumaa, mimi niliondoka Jumatano iliyofuata.

Usiku ule nyumbani ndipo mama aliposema neno lililonifanya niandike barua hii. Alisema, "Mbona sisi hatukuhamishwa?"

Mama yangu ni mwalimu wa UPE. Kwa vijana wasioijua: Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Watoto wa kuingizwa darasani walikuwepo, walimu hawakuwepo, na vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Kwa hiyo serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafanya walimu na wanafunzi kwa wakati mmoja, katika vijiji vyao. Mama alikuwa na miaka 17, kijijini kwetu chini ya milima ya Amani. Asubuhi alishika darasa la kwanza. Mchana watoto wakishatoka, yeye na wenzake wanne walikaa kwenye madawati yale yale wakasoma vijitabu vya masomo kwa posta, na saa ya kipindi ikifika redio inawekwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, wanasikiliza somo kutoka Radio Tanzania. Mratibu wa kata alipita na baiskeli kuwakagua na kuwafundisha. Miaka mitatu. Mwishoni walikusanywa chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani, akatoka Daraja la Tatu C. Baadaye alijiendeleza akapanda, na alistaafu mwaka 2019.

Kaka yangu mkubwa alizaliwa katikati ya safari hiyo, mwaka 1978. Mama anasema alikuwa analetewa amnyonyeshe mapumziko ya saa nne, kisha anarudi darasani. Vijitabu vile anavyo mpaka leo ndani ya sanduku la bati, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Nimevifungua. Kimoja kina doa la mafuta. Sikumuuliza ni ya nini.

Najua nitakachojibiwa, na sitaki kukikwepa. Walimu wa UPE walisimangwa. Watu waliigeuza ile UPE ikawa Ualimu Pasipo Elimu, na mama alilisikia neno hilo kwenye mabasi, madukani, na mara moja kutoka kwa mzazi aliyekuja kugomba shuleni. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Mtu wa darasa la saba kumfundisha mtoto wa darasa la sita ni kazi nzito, vitabu vilikuwa haba, na mambo yalifanywa kwa haraka. Mama mwenyewe anakiri kwamba sehemu alizielewa mwaka wa kumi wa kufundisha. Lakini kasoro ilikuwa haraka na uchache wa elimu waliyoanza nayo. Haikuwa kwamba walilala kwao. Miaka ya 2000, wakati wa MMEM na MMES, mipango ya maendeleo ya elimu ya msingi na ya sekondari, walimu walipikwa kwa haraka tena, safari hii kwa kupelekwa vyuoni, na watu wakawabandika yeboyebo na voda fasta. Hao hawakusomea nyumbani, na kejeli ziliwafuata vilevile.

Leo hatuko huko. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeinua kiwango, mwalimu wa shule ya msingi awe na stashahada, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Mtaala mpya unataka Kiingereza kianze darasa la kwanza, na huwezi kukifundisha kwa kubahatisha. Wanaokuja kusoma wana kidato cha nne au cha sita. Kila mmoja ana simu. Mratibu haji tena na baiskeli. Yaani vile vyote vilivyokosekana mwaka 1976 sasa vipo, na kile kimoja kilichokuwepo, cha mtu mzima kusomea ualimu bila kuvunja nyumba yake, ndicho tumekitupa.

Tena kwingine hatujakitupa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na watu wanasoma shahada pale huku wakifanya kazi zao, wala sijamsikia mtu akisema shahada zao ni nusu. Nitaulizwa kwa nini basi sikwenda masomo ya huria. Kwa sababu nilikuwa sijashika kalamu miaka kumi na mitano, na nilijijua. Nilihitaji mkufunzi wa kunitazama usoni na kuniuliza kama karatasi yangu ni kifungashio.

Hoja nyingine ninayoisikia ni kwamba mwanachuo anapelekwa mbali ili azoee mazingira magumu, kwa kuwa akiajiriwa anaweza kupangiwa popote. Jamani, Muheza nayo ina vijiji. Kuna shule huko Amani ambazo ukizifikia kwa miguu wakati wa mvua hutahitaji somo jingine la mazingira magumu. Na kuajiriwa si sawa na BTP. Nikiajiriwa nikapangiwa Kilindi nitabeba wanangu, nitawaandikisha shule pale pale, nitalipa kodi kwa mshahara, na nitawafurahia wale 87 mpaka wafike darasa la sita. Mwanachuo anakwenda na deni na anarudi na deni kubwa zaidi, na katikati anatakiwa afundishe akiwa na uso wa furaha kwa sababu hiyo nayo ina alama kwenye fomu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Siku ninajiunga na chuo nilijaza fomu ya kurasa nne. Iliniuliza mchezo ninaoupenda, nikaandika netiboli. Iliniuliza kama naimba kwaya. Haikuuliza kama nina mtoto, wala ninaishi na nani. Iulize. Na majibu hayo yatumike kupanga vituo, ili mwenye watoto wadogo au mgonjwa wa kumuuguza awekwe shule ambayo anaweza kutoka asubuhi na kurudi jioni. Orodha itoke mwezi mmoja kabla, iwe bado haijapelekwa popote, na watu wawili wakija na barua mbili zilizosainiwa wanaotaka kubadilishana, wabadilishane. Wiki nane nazo, kwa anayehitaji, zigawanywe mara mbili, nne muhula huu na nne muhula ujao. Ningependa pia siku moja wizara ifikirie njia kama ile ya mama, mtu afundishe nusu siku kama msaidizi katika shule ya kijijini kwake na asome nusu siku, kwa miaka mitatu badala ya miwili, ila hilo najua ni la mezani kwa wakubwa na linahitaji hesabu. Lile la fomu na orodha linahitaji kompyuta iliyopo tayari.

Na nisidhaniwe najisemea mwenyewe, mimi BTP yangu imekwisha. Mwaka 2021 serikali ilifungua mlango kwa wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito warudi shuleni. Ulikuwa uamuzi mzuri. Wasichana hao sasa wanamaliza kidato cha nne na cha sita, na baadhi yao watataka kuwa walimu, kwa sababu mwalimu ndiye waliyemwona akiwapokea mara ya pili. Watafika vyuoni na watoto wa miaka mitatu, minne. Watajaza fomu ya netiboli.

Wenzetu wa mwaka wa kwanza zamu yao ni mwezi ujao. Orodha bado haijatoka, lakini wanasema safari hii wamo watakaopelekwa mbali. Jana asubuhi mmoja wao alinikuta kibandani, ana mtoto mgongoni wa miezi saba hivi. Alinunua vitumbua vitano, akala kimoja akiwa amesimama, akaniuliza kama ni kweli Kilindi mtandao haushiki. Nilimwelekeza kichuguu kilipo: ukitoka nyumba ya mwalimu mkuu, pita nyuma ya shamba la mahindi, upande wa kulia.

Mama wa watoto watatu,
Muheza, Tanga